Kuchagua timu ya mpira ukiwa mtu mzima: mwongozo kamili kwa anayeishi Lubumbashi

Mtoto wa Lubumbashi hachagui timu, anaikuta nyumbani. Wazazi wakiwa wa Mazembe, atavishwa nyeusi na nyeupe kabla hajajua kutembea. Babu akiwa alifanya kazi kwenye reli, basi nyumba nzima ni manjano na bluu ya Lupopo, na hakuna wa kuuliza kwa nini. Mwongozo huu ni wa wale wasiopata urithi huo: aliyehamia kutoka Kananga, Bukavu au Kalemie kutafuta kazi, mama aliyeolewa katika ukoo wa Lupopo na hajawahi kutazama mechi mpaka mwisho, mwalimu wa miaka arobaini ambaye kila Jumatatu wenzake wanabishana mpira naye hana la kuchangia.

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: mtu mzima hapati mapenzi ya timu kwa kusoma orodha ya vikombe. Anayapata kwa kuhudhuria. Kwa hiyo timu ya kuanzia ni ile ambayo miguu yako, mfuko wako na ratiba ya nyumba yako vinaweza kuifikia mara kwa mara. Mengine yote tunayoeleza hapa yanafuata hilo.

Kwanza, hesabu saa, pesa na watu wa nyumbani

Chukua karatasi. Mechi ni dakika 90, mapumziko dakika 15, na dakika za nyongeza: tayari ni karibu saa mbili. Kufika mapema ili upate nafasi nzuri, ongeza saa moja na nusu. Kungoja umati upungue mlangoni, dakika ishirini. Safari ya kwenda na kurudi kutoka Katuba, Ruashi au Kampemba inategemea unapokaa, lakini usiweke chini ya saa moja kwa jumla. Mechi moja ya nyumbani inakula karibu saa tano za siku yako. Mechi mbili kwa mwezi ni saa kumi. Kama huna saa kumi kwa mwezi, usijilaumu, ila panga kwenda mara moja kwa mwezi na uheshimu mpango huo.

Pesa ina mafungu manne: tiketi, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na cha kula au kunywa. Wengi huhesabu tiketi peke yake, halafu mwezi wa pili wanaacha wakidhani wamechoka na mpira, kumbe wamechoka na matumizi. Fungu linalodanganya zaidi ni nauli ya kurudi. Filimbi ya mwisho ikipigwa, maelfu wanataka basi moja kwa wakati mmoja, na bei inapanda palepale. Dawa yake ni kutembea robo saa kuondoka uwanjani kabla ya kutafuta usafiri. Beba noti ndogondogo za franka pia, kwa sababu chenji mlangoni ni ngumu, na mwenye noti kubwa ndiye anayesukumwa kando.

Kisha zungumza na nyumbani. Mechi nyingi zinaangukia Jumapili alasiri, yaani saa ya ibada ya pili, ya kutembelea bamukwe (wakwe), ya vilio na harusi. Mwambie mwenzako idadi kamili ya siku unazoomba, mfano Jumapili mbili kwa mwezi mpaka Desemba. Ukisema tu "nitakuwa ninaenda mpirani", kila safari itakuwa ugomvi mpya.

Jua kilichopo mjini kabla ya kutazama mbali

Wasomaji wa nje ya mji waelewe kwamba tukisema Kenya hapa tunasema komini ya Kenya, jirani ya Kamalondo. Komini hizo mbili ndizo zinazobeba viwanja viwili vikubwa, na mtu anaweza kutoka kimoja akafika kingine kwa miguu.

TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini, ikaja kuitwa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji, na jina la Mazembe likaja baadaye. Iko na vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Kile cha kwanza kilikuja kwa njia isiyo ya kawaida: fainali mbili na Asante Kotoko ya Ghana ziliisha sare, 1-1 na 2-2, na mechi ya tatu Kotoko hawakutokea. Cha 2010 kilijengwa kwa 5-0 dhidi ya Espérance ya Tunisia, na mechi hiyo ilichezwa Kenya, kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, kwa sababu uwanja wa Mazembe wenyewe, pale Kamalondo, ulifunguliwa mwaka 2011. Desemba ya mwaka huohuo wa 2010 wakawapiga Pachuca ya Mexico 1-0 na Internacional ya Brazil 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Walifungwa na Inter ya Italia 3-0. Kipa Kidiaba akiruka kwa makalio kwenye nyasi ni picha ambayo hata asiyejua mpira anaikumbuka. Na kwa msomaji wa Tanzania: Mbwana Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger, akiwa amevaa nyeusi na nyeupe ya Kamalondo.

FC Saint-Éloi Lupopo nayo ni ya 1939, na mizizi yake ni reli. Mtakatifu Eloi ni msimamizi wa wahunzi na mafundi wa chuma, na mpaka leo timu inaitwa Cheminots, yaani watu wa reli. Imekuwa bingwa wa taifa mara sita, mara ya mwisho mwaka 2002. Soma mwaka huo polepole, kwa sababu ndani yake mna habari muhimu kuliko kikombe: kuna masapota wa Lupopo wenye watoto wa chuo ambao hawajaona timu yao ikiwa bingwa, na bado wanajaza uwanja wa Kenya. Ukitafuta mahali pa kujifunza subira, ni hapo. Na subira inalipa kwa njia yake. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2025/26 Lupopo iliipiga Orlando Pirates ya Afrika Kusini 3-0 hapa nyumbani, ikafungwa 3-0 kule Soweto, kisha ikapita kwa penalti.

Mbali na wakubwa hao wawili kuna CS Don Bosco, kuna Lubumbashi Sport, kuna JS Groupe Bazano. Masapota ni wachache, tiketi ni nafuu, unakaa karibu na mstari kiasi cha kumsikia kocha akigomba. Kwa mtu anayetaka kujifunza mpira wenyewe, si kelele zake, tunaona hapo ni pazuri kuliko pote. Kuna pia mashindano ya mji chini ya EUFLU, chama cha mpira cha Lubumbashi, ambako utakuta timu ya katie yako, yaani mtaa wako, ikicheza kwenye vumbi na wachezaji unaowajua kwa jina.

Usiiruke timu ya wanawake ya TP Mazembe. Mwaka 2024 walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake kule Morocco, wakiwafunga wenyeji AS FAR 1-0 katika fainali. Kama una binti nyumbani, anza huko, na uende naye.

Za Kinshasa, yaani Vita Club ya kijani na nyeusi na Motema Pembe ya kijani na nyeupe, tunazitaja kwa sababu wengi waliohamia kutoka magharibi wanazo moyoni. Ni timu kubwa: Vita ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1973. Lakini ukizichagua ukiwa Lubumbashi utaziona kwa macho mara chache sana, zinapokuja kucheza hapa, na siku hizo utakaa katikati ya watu wanaokuzomea. Hakuna barabara ya maana ya kukupeleka Kinshasa kwa mechi. Ni ndege tu.

Msimu wa majaribio: mechi nane, na usiwe wa mtu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Panga mechi nane kati ya mwanzo wa msimu na mapumziko ya mwisho wa mwaka: tatu za Mazembe, tatu za Lupopo, moja ya timu ndogo, moja ya wanawake. Ukiishi karibu na uwanja mmoja tu na nauli inakubana, fanya nne za hapo na mbili za kwingine. Upungufu huo hauharibu kitu. Kitakachoharibu ni kutazama mechi zote nane kwenye runinga, kwa maana runinga inakuonyesha mpira lakini haikuonyeshi watu utakaokaa nao miaka ishirini.

Asubuhi ya mechi sikiliza redio au uliza mtu anayejua kabla ya kutoka. Linafoot, yaani ligi ya taifa, ina desturi ya kuahirisha mechi, na imewahi kubadilisha mpangilio wa makundi kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Uliza pia kama mechi si ya huis clos, yaani bila watazamaji: hiyo ni adhabu inayotolewa fujo zikitokea, na kila mara kuna watu wanaofika mlangoni bila habari.

Mavazi yanahitaji akili. Katika mji huu shati jeupe na suruali nyeusi, mavazi ya kawaida kabisa ya mtu wa ofisi, ukiyavaa kwenda Kibassa Maliba siku ya Lupopo umeshatangaza kwamba wewe ni Mazembe. Kijani kinakufanya mtu wa Kinshasa. Manjano na bluu usiyavae Kamalondo. Wakati wa majaribio vaa kahawia au kijivu, viatu vya kufunga kamba, na simu iwe mfuko wa mbele. Kuanzia Novemba mpaka Machi mvua ya alasiri ni jambo la kutegemea, kwa hiyo weka simu na pesa ndani ya mfuko wa plastiki, na ujue kwamba mwavuli utamkasirisha aliyeko nyuma yako. Koti jepesi linatosha.

Kaa mahali tofauti katika kila mechi ya timu ileile. Mara ya kwanza kaa juu, usawa wa mstari wa katikati. Huko unaona umbo la timu: mabeki wanapanda pamoja au mmoja anabaki nyuma, kiungo gani anaomba mpira hata akiwa amezungukwa. Mara ya pili nenda nyuma ya goli au karibu na fanfari. Hutaona mpira vizuri, lakini utajua nyimbo zinaimbwaje wakati timu imefungwa, na hicho ndicho kipimo. Mara ya tatu kaa na wazee. Kila uwanja una safu ya wazee wasiopiga kelele, mara nyingi karibu na lango la tribuni, wenye redio ndogo sikioni ingawa mechi iko mbele yao. Salimia, kaa, na baada ya dakika kumi uliza swali moja la kweli: "Papa, huyu namba sita alitoka timu gani?" Swali hilo linaweza kukupatia historia ya miaka thelathini kabla ya mapumziko. Usiulize "mtashinda leo?" Hilo ni swali la mgeni, na jibu lake ni fupi.

Rudi nyumbani uandike. Daftari la shule linatosha, ukurasa mmoja kwa kila mechi, mistari mitano:

saa ya kutoka na saa ya kurudi;
franka zilizotumika zote, pamoja na maji na karanga;
nani alikaa karibu nami na tulisema nini;
wachezaji watatu ninaowakumbuka;
ningependa kurudi wiki ijayo, ndiyo au hapana.

Mstari wa nne usiujaze usiku huohuo. Ungoja kesho asubuhi, kabla ya kusoma habari yoyote. Usiku unakumbuka mabao. Asubuhi unakumbuka kilichokugusa: beki mfupi aliyeruka na mrefu mara sita na kushinda nne, kipa aliyekuwa akiongea peke yake, winga aliyepoteza mpira akakimbia mita hamsini kuurudisha. Timu ambayo asubuhi inakuachia majina matatu bila kusukuma kumbukumbu imeanza kukuingia. Timu inayokuachia matokeo tu bado ni habari ya gazeti.

Katika kipindi hiki chote usiweke pari, yaani kamari ya mechi, hata franka moja. Tunasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi. Mwenye pari akishangilia hajui anashangilia timu au anashangilia pesa yake, na timu ikifungwa anaichukia kwa deni ambalo si lake. Ukishazoea mpira kwa njia ya pari, ni vigumu sana kuupenda kwa njia nyingine.

Dabi iwe ya mwisho

Mtu mpya anakimbilia dabi ya Mazembe na Lupopo kwa sababu ndiyo inayosemwa. Iache mpaka umeona angalau mechi tano za kawaida. Siku ya dabi kila kitu kimekuzwa: umati, bei, hofu, matusi. Utachagua aliyeshinda siku hiyo, au aliyekuwa na fanfari kubwa, na wiki tatu baadaye, kwenye mechi ya Jumatano yenye watu mia chache, hutakuta ulichokipenda.

Ukienda, fika saa tatu kabla. Nunua tiketi siku moja au mbili mapema mahali rasmi, si kwa kijana anayesimama njiani siku yenyewe. Ingia, kisha kabla ya kukaa tazama milango miwili ya kutokea, si mmoja. Filimbi ya mwisho ikipigwa, kaa dakika ishirini, hata kama timu uliyokuwa ukiitazama imefungwa na unataka kuondoka. Watu wanaumia mlangoni kuliko mahali pengine popote uwanjani, na wanaumia katika dakika tano za kwanza. Usiende na mtoto chini ya miaka kumi. Mawe yakianza kurushwa, usikimbie na umati. Sogea kwenye ukuta au nguzo, ungoja wimbi lipite.

Soma miaka mibaya, na ujue nani analipa

Baada ya mechi nane utakuwa umeegemea upande. Sasa fanya ambalo mtoto hawezi kufanya: tafuta aibu ya timu hiyo. Kila klabu ina yake, na ni bora uijue leo kuliko kuambiwa na mpinzani mbele ya shemeji zako.

Mfano, mwaka 2011 Mazembe walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikawaondoa kwenye mashindano kwa kumchezesha mchezaji asiye halali, baada ya malalamiko ya Simba ya Tanzania. Kwa upande wa Lupopo, tazama tena pengo la tangu 2002. Jiulize: nikiwa sapota siku habari hiyo ilipotoka, ningekaa? Kama jibu ni "ningetafuta sababu ya kuondoka", hujafika bado.

Kisha pesa. Klabu zetu hazisimami kwa tiketi. Zinasimama kwa mtu. Mazembe inaongozwa na Moïse Katumbi tangu 1997, na yeye amekuwa gavana wa Katanga na mgombea urais. Lupopo imeongozwa na Jacques Kyabula, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019. Maana yake kwa sapota wa kawaida ni kwamba mambo ya siasa yatagusa timu yako: safari itakwama, mshahara wa wachezaji utachelewa, au kinyume chake wachezaji wazuri watanunuliwa ghafla. Maana yake pia ni kwamba jirani atadhani rangi ya shati lako ni kura yako. Amua mapema utakavyojibu. Sisi tunaona jibu zuri ni la kutaja wachezaji: mtu akileta siasa, mweleze namba nane alivyocheza Jumapili. Mapenzi yako yakibaki kwenye nyasi, hayatakugombanisha na watu kazini.

Timu ya Ulaya, ukiitaka

Hatusemi usiwe nayo. Tunasema ije ya pili, na uichague kwa saa na si kwa jina. Lubumbashi haibadilishi saa, Ulaya inabadilisha mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Mechi ya Uingereza ya Jumamosi 15h00 inaonekana hapa 17h00 wakati wa baridi yao, na 16h00 katika miezi mingine. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya inayoanza 21h00 Paris na Madrid, hapa ni 21h00 mwezi wa Septemba na Aprili, lakini ni 22h00 kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, na inaisha karibu saa sita za usiku. Anayeamka alfajiri kwenda mgodini hawezi kuishi na timu inayocheza Jumanne na Jumatano usiku. Kwake yeye klabu ya katikati ya msimamo, isiyo na mashindano ya Ulaya, inayocheza Jumamosi mchana, ni bora. (Kinshasa nayo iko nyuma yetu kwa saa moja: mechi ya 15h30 kule ni 16h30 hapa. Wengi wamewasha redio mapema wakadhani mechi imefutwa.)

Kabla ya kuamua, tazama abonema ya runinga unayoweza kulipa inaonyesha ligi gani, na kama unatazamia kwenye ukumbi wa video wa mtaani, uliza ni mechi gani mwenye ukumbi anawasha zikigongana mbili. Atawasha ya wengi. Ukichagua timu isiyopendwa mtaani utaishi kwa kusoma matokeo kwenye simu.

Usichague klabu kwa ajili ya Mkongomani mmoja, au mchezaji mmoja aliyepitia Mazembe. Tunajua inavyovuta, nasi tunafurahi kila mmoja wao anapofunga. Lakini aliyekuwa shabiki wa Brentford kwa ajili ya Yoane Wissa alibaki mikono mitupu Septemba 2025, Wissa alipohamia Newcastle. Aliyeifuata Genk kwa ajili ya Samatta Januari 2016 aliona vivyo hivyo miaka minne baadaye. Mchezaji mfuate yeye, klabu ichague kwa sababu zake.

Kuamua, na kusema

Fungua daftari. Hesabu "ndiyo" za mstari wa tano, lakini zile za siku timu ilipofungwa au kutoka sare zihesabu mara mbili. Timu yenye jumla kubwa ndiyo yako. Zikilingana, angalia mstari wa tatu: wapi ulizungumza na watu? Huko ndiko utakaporudi.

Ikiwa matokeo yanakupeleka kinyume na ukoo wa mke au mume wako, mwambie mkubwa wa nyumba kwanza, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa wengine. Mpelekee habari kama unavyopeleka habari nyingine ya heshima: kaa, salimia, zungumzia afya, kisha sema. Atakucheka, pengine atakusomesha jioni nzima, mkila bukari (ugali), kwa nini umepotea, na hilo ni sehemu ya kupokelewa. Kinachovunja ni kujificha, au kuvaa shati la wapinzani kwenye meza yake siku ya dabi. Hilo usilifanye hata akikuruhusu.

Usiwe wa Mazembe na Lupopo kwa pamoja. Watu watakwambia "mimi ni wa Lubumbashi yote", na kwenye mashindano ya Afrika ni haki kabisa kuombea zote mbili. Kwenye ligi huwezi. Siku ya dabi utakaa kimya saa mbili na hakuna upande utakaokuona wake. Wa Mazembe na Don Bosco, au wa Lupopo na timu ya katie, hapo hapana shida.

Shati linunuliwe mwisho, baada ya mechi ya kwanza ya nyumbani ukiwa sapota. Tazama nembo kwa karibu. Ya Mazembe ni mamba mwenye mpira mdomoni, na kwenye nakala mbaya meno yanaungana kuwa mstari mmoja mweupe. Pindua ndani uangalie uzi: ukiona nyuzi ndefu zilizolegea nyuma ya nembo, itafumuka ukifua mara ya tatu. Fua kwa maji baridi, ndani nje, anika kivulini, kwa maana nyeusi inachuja juu ya nyeupe na jua la Septemba linakula manjano.

Safari ya ugenini ya kwanza iwe Likasi, kilomita 120 hivi, unaenda na kurudi siku moja. Kolwezi ni karibu kilomita 300 na inataka kulala. Jiunge na kikundi cha masapota kinachopanga basi, lipa sehemu yako siku tatu kabla, na umwachie mtu wa nyumbani namba ya simu ya kiongozi wa basi.

Na kama mechi nane zimeisha na daftari limejaa "hapana", usilazimishe. Rudia nusu ya pili ya msimu na timu ndogo tu, mechi nne, ukikaa karibu na mstari. Mara nyingi mtu aliyechoshwa na uwanja mkubwa anakuta timu yake kwenye uwanja wa vumbi wa katie, na hiyo ni timu kamili, ina kipa, ina kocha, ina wazee wake wenye redio.